Namna ya Kuukagua Muhula Uliokwisha Kabla ya Kuanza Mwingine

Matokeo ya muhula wa Septemba hadi Disemba hutufikia kaskazi ikivuma na joto la Mombasa likiwa limeshika kweli kweli, na wengi wetu huyasoma kwa namna moja tu. Tunafungua potali ya chuo kwenye simu, tunateremsha macho upesi kutafuta herufi, tunahesabu A ngapi na D ngapi, kisha tunaizima simu tukiwa na furaha au kisirani. Kazi ya miezi minne imesomwa kwa dakika mbili. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliye tayari kutoa saa tatu za asubuhi moja ya likizo ili ajue hasa alama zake zilipotelea wapi, kwa sababu herufi pekee haimwambii hilo. Mimi mwenyewe nasoma ununuzi na ugavi, niko mwaka wa tatu, na katika mihula mitano niliyokwisha kuimaliza nimekagua mmoja tu ipasavyo. Mifano nitakayoitoa imetoka katika muhula huo, na si yote ya kujivunia.

Njia yenyewe niliiokota dukani. Ami yangu anauza vifaa vya umeme Mwembe Tayari, na kila mwisho wa mwezi hufunga mlango nusu, akahesabu mali iliyo rafuni na kuilinganisha na daftari. Nilimkuta katika kazi hiyo siku matokeo yalipotoka, nikamwambia, "Ami, muhula huu nimefanya vibaya kidogo." Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Vibaya wapi?" Nilijua nimepata D moja na C mbili, lakini swali la wapi sikuwa na jibu lake. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema, akaendelea kuhesabu balbu zake.

Kusanya karatasi kabla ya kukumbuka

Usianze siku ile ile matokeo yanapotoka. Mwenye furaha siku hiyo haoni kosa, na mwenye huzuni haoni kingine ila makosa. Ngoja siku mbili tatu, kisha kusanya mezani kila karatasi ya muhula: orodha ya matokeo, majaribio yaliyorudishwa, kazi za kikundi, karatasi za maswali ya mtihani ikiwa mliruhusiwa kutoka nazo, ratiba ya vipindi, na madaftari ya noti. Usiudharau mlolongo wa ujumbe katika kundi la WhatsApp la darasa, kwani humo mna tarehe za kila jaribio na kila kipindi kilichoahirishwa.

Karatasi zitangulie kwa sababu kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Mimi ningeweza kuapa kwamba nilihudhuria karibu vipindi vyote vya Uchumi. Nilipofungua daftari, noti zenye tarehe zilikuwa za wiki 8 kati ya wiki 13 tulizofundishwa. Wiki tano nzima zilikuwa zimeyeyuka nami sina habari, na katika hizo tano ndimo ulimofundishwa mfumuko wa bei, mada iliyotoka katika jaribio na ikatoka tena katika mtihani. Ikiwa huna desturi ya kuandika tarehe juu ya noti, huo ni upungufu wa kwanza kuuandika.

Igawe kila alama sehemu mbili

Chukua karatasi isiyo na mistari, uchore jedwali lenye safu nne: jina la somo, alama za majaribio ya ndani ya muhula, yale ambayo sote huyaita kati, alama za mtihani wa mwisho, na jumla. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya majaribio huchukua 30 na mtihani wa mwisho 70. Jumla ya 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya hapo mtu hajapita. Vitivo vingine vina mgawanyo wao, hasa vyenye kazi nyingi za maabara au karakana, kwa hiyo kitabu cha kanuni za chuo chako ndicho cha kufuatwa. Ikiwa potali inaonyesha jumla peke yake, jumlisha alama za majaribio yaliyorudishwa, uzitoe katika jumla, na kinachobaki ndicho ulichopata katika mtihani.

Masomo yangu saba yalikuwa hivi: Mawasiliano ya Biashara 72, Usimamizi wa Maghala 67, Uhasibu wa Gharama 64, Sheria ya Biashara 61, Uchumi 58, Kompyuta 55 na Takwimu 43. Kwa macho ya haraka, Takwimu na Uchumi ni masomo mawili niliyofanya vibaya, moja zaidi ya jingine. Jedwali lilipokamilika nikaona ni maradhi mawili yasiyohusiana kabisa. Katika Takwimu nilikuwa na 25 kati ya 30 za majaribio, lakini 18 tu kati ya 70 za mtihani. Katika Uchumi nilikuwa na 12 kati ya 30, lakini 46 kati ya 70. Zigeuze kuwa asilimia ndipo utaona vizuri: Takwimu ni 83 ikiporomoka hadi 26, na Uchumi ni 40 ikipanda hadi 66. Ningeamua "kusoma kwa bidii zaidi" katika yote mawili, kama nilivyokuwa nikiamua kila mwaka, ningewapa wagonjwa wawili dawa moja.

Majaribio yakiwa juu na mtihani ukiwa chini, uliza kwanza kama alama za majaribio zilikuwa zako. Swali hili linauma, lakini liulize. Zangu za Takwimu zilitoka kwa sehemu kubwa katika kazi ya kikundi ya watu watano, ambayo mwenzetu mmoja mwenye kichwa cha hesabu aliifanya usiku mmoja, nasi wengine tukaichapa, tukaipanga na kuandika majina yetu. Kuchapa jedwali la mkengeuko sanifu si kujua kulikokotoa. Siku ya mtihani yule mwenzetu alikaa safu ya tatu mbele yangu, na sikuwa na cha kufanya ila kuutazama mgongo wake.

Majaribio yakiwa chini na mtihani ukiwa juu, mara nyingi uwezo upo na kilichokosekana ni kuwepo. Jaribio la kwanza la Uchumi lilikuwa la alama 15, nikapata 3, kwa sababu lilianza saa moja asubuhi nami nilikuwa bado ng'ambo ya Likoni. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nikifanya hesabu ya urefu wa kuvuka peke yake, kana kwamba saa ile sitawakuta ferini watu wanaokwenda kazini kisiwani. Kosa lilikuwa langu, kwani nimekulia Likoni na saa hizo nazijua. Nilipofika darasani zilibaki dakika kumi. Katika jaribio la pili, ambalo lilikuwa mchana, nilipata 9.

Dakika za mtihani

Takwimu zilikuwa na sababu ya pili, nayo nataka kuieleza kwa urefu kwa kuwa nimeikuta kwa wenzangu wengi niliowaomba wanionyeshe majedwali yao. Karatasi zetu nyingi hufuata muundo mmoja: muda wa saa mbili, swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha mwanafunzi achague mawili mengine yenye alama 20 kila moja. Dakika 120 zikigawanywa kwa alama 70, kila alama moja ina takriban dakika 1.7. Kwa hiyo swali la kwanza lina haki ya dakika 51, na kila moja la yale mawili lina haki ya dakika 34. Ukitenga dakika 10 za kusoma karatasi na kupitia majibu, swali la kwanza libaki na dakika 47 na mengine 31 kila moja.

Mimi nilikaa katika swali la kwanza kwa saa moja na dakika 20. Kipengele chake cha mwisho, kilichohusu uwezekano, kilikuwa na alama 4, nami nikakikomalia kwa nusu saa kwa sababu nilihisi jibu liko karibu. Zilibaki dakika 40 kwa maswali mawili yenye jumla ya alama 40. La pili nililifanya nusu, na la tatu niliandika namba yake na mstari mmoja. Mtihani ulipokwisha nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba karatasi ilikuwa ngumu. Haikuwa ngumu kiasi hicho. Nilinunua alama 4 kwa bei ya 20, na hata hizo 4 sina hakika kama nilizipata.

Ili ujue kama nawe una tatizo hili, chukua karatasi ya maswali na uandike pembeni mwa kila swali muda unaokadiria ulilitumia, kisha muda liliostahili. Kama hukuruhusiwa kutoka na karatasi, tumia ya mwaka uliopita, ukae nayo saa mbili kamili kwa saa ya ukutani, simu ikiwa chumba kingine. Ukiona maswali ya mwisho huyafikii au unayafikia ukiwa umechoka, mzigo mkubwa wa tatizo ni saa, na mazoezi yake ni tofauti na mazoezi ya kuelewa mada.

Somo ulilofaulu nalo likaguliwe

Alama nzuri hatuziulizi swali, na hapa tunapoteza mengi. Ile 67 ya Usimamizi wa Maghala ilinishangaza, kwa kuwa sikusoma somo hilo zaidi ya mengine. Nilipopitia noti niliona kwamba karibu kila jibu nililokumbuka lilitokana na siku moja tuliyopelekwa kwenye ghala Shimanzi: namna mzigo ulioingia kwanza unavyopangwa utoke kwanza, kwa nini mifuko haiegemezwi ukutani, na daftari la kuingiza na kutoa linavyotiwa sahihi na watu wawili. Mambo niliyoyaona yalikaa, na yale niliyoyasoma peke yake yaliondoka. Tangu hapo, nikisoma Sheria ya Biashara najaribu kuuhamishia kila mkataba dukani kwa ami, nimwone yeye akiuza waya na mteja akizirudisha baada ya wiki.

Kuna alama nzuri nyingine ambazo hazifai kutegemewa. Katika Mawasiliano ya Biashara, maswali mawili ya mtihani yalifanana mno na ya mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Ni heri, lakini 72 hiyo sikuiandika miongoni mwa nguvu zangu.

Kistari mahali pa alama

Ikiwa nafasi ya somo fulani ina kistari au iko tupu, usikae ukisubiri ijijaze. Jambo hili lilinipata katika mwaka wa pili, na nikajifunza kwamba anayelifuatilia akiwa na karatasi mkononi humaliza mapema kuliko anayelalamika. Thibitisha kwanza kwamba ulijisajili kwa somo hilo mwanzoni mwa muhula, kwa kuwa wakati mwingine tatizo huanzia hapo. Kisha andaa nakala za kadi yako ya mtihani, majaribio yaliyorudishwa na risiti ya karo, uandike barua fupi kwa mkuu wa idara inayofundisha somo lenyewe, ambayo huenda si idara yako. Taja namba yako ya usajili, jina na namba ya somo, tarehe ya mtihani na ukumbi uliokaa. Mwombe kiongozi wa darasa aangalie kama kuna wengine wenye kistari hicho, kwani mkiwa kumi barua ni moja na uzito ni mwingine. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo ndani ya muhula unaofuata, maana baada ya miaka miwili kila mtu atakuwa amesahau isipokuwa wewe unayetaka kuhitimu.

Kwa aliyepata chini ya 40, njia ni sapu, yaani mtihani wa pili wa somo lile lile, au kulirudia somo lenyewe, na kanuni hutofautiana. Jua tu kwamba vyuo vingi humwandikia aliyepita sapu alama 40 tu, hata kama karatasi yake ilistahili zaidi.

Hesabu ya wastani

Wastani wangu ulikuwa 420 kugawanywa kwa 7, yaani 60 kamili. Katika mpangilio wa kawaida, 70 na zaidi ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, na 40 hadi 49 ni kupita. Nilikuwa nimesimama juu ya kizingiti, na alama moja chini katika Takwimu ingenishusha hadi 59.86. Jambo hilo lilinitia hofu kwa siku nzima mpaka nilipokumbuka kwamba daraja halihesabiwi kwa muhula mmoja.

Tuseme mtu ana masomo 56 katika miaka minne, amemaliza 35 kwa wastani wa 58, na anataka kuhitimu kwa 60. Masomo 21 yaliyobaki yanamtaka wastani wa 63 na theluthi moja. Hiyo ni kazi, lakini ni kazi inayoonekana, na ni afadhali kuijua sasa kuliko muhula wa mwisho ambapo masomo saba yangemtaka alama 74 kwa wastani ikiwa angeendelea na 58 hadi hapo. Vyuo vingine huipa miaka ya juu uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo fanya hesabu hii kwa kanuni zako.

Kwenda kwa mhadhiri

Baada ya jedwali, chagua somo moja au mawili uende ukaulize. Nenda na swali lililokatwa vizuri, na mhadhiri ajue tangu sentensi ya kwanza kwamba hukuja kuomba huruma. Mimi nilisema, "Shikamoo, Mwalimu. Nilipata 43 katika Takwimu, na kwa hesabu yangu mtihani ulinipa 18. Sikuja kuomba alama iongezwe. Naomba kujua, katika maswali niliyoyamaliza, nilikosea wapi." Aliitikia marahaba, akanitazama kidogo, akaeleza kwamba wengi wetu hukokotoa vizuri na kuacha jibu likiwa namba tupu. "Umesema 2.4. Haya, mwenye ghala afanye nini na hiyo 2.4?" Kila swali lilikuwa na alama mbili tatu za kueleza maana ya jibu, na sikuwahi kuziandikia hata sentensi moja. Kama ningebaki na jedwali langu peke yangu, jambo hilo nisingeligundua.

Nyumbani ni kikao kingine. Mama hakutaka majedwali, alitaka kujua kama nimepita. Nilimwambia nimepita yote, na moja nimeponea chupuchupu, na kwamba najua sababu yake. Aliridhika na hilo la mwisho kuliko nilivyotarajia.

Ukurasa mmoja wa muhula ujao

Hadi hapa utakuwa na orodha ndefu ya makosa, na kishawishi ni kuahidi kuyarekebisha yote. Chagua mawili. Azimio langu la kwanza lilikuwa kutofunga kitabu cha kazi ya kikundi kabla ya kukokotoa kila swali kwa mkono wangu, hata kama jibu la kikundi limekwisha kuchapwa. La pili lilikuwa kufanya karatasi moja ya zamani kila Jumamosi kwa kipimo cha saa, na kuliacha swali dakika zake zinapokwisha, hata kama jibu liko karibu. Hasa likiwa karibu.

Kisha fungua kalenda. Muhula wa Januari hadi Aprili una mambo yake hapa Mombasa, na kubwa kwa wengi wetu ni Ramadhani, ambayo hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa Miladi. Mwaka 2024 ilianza kabla ya katikati ya Machi, na mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, yaani katikati kabisa ya msimu wa majaribio. Aliyezoea kusoma baada ya Isha atakuta saa zake zimechukuliwa na tarawehe. Mimi nimezihamishia baada ya daku na sala ya Alfajiri, wakati mtaa umetulia na joto halijaanza, nikaweka mada nzito za muhula kabla mwezi haujaandama. Wanaosafiri bara kwa Pasaka waihesabu nayo safari hiyo. Kwa vipindi vya saa moja asubuhi, andika kwenye ratiba saa ya kutoka nyumbani badala ya saa ya kipindi. Yangu sasa inasema saa kumi na mbili kasorobo.

Bandika ukurasa huo ndani ya jalada la daftari la somo lililokupa alama ya chini kabisa. Jaribio la kwanza la kila somo likirudishwa, aghalabu katika wiki ya sita au ya saba, uandike hapo alama yake siku hiyo hiyo, pamoja na sababu moja ya kila alama tano ulizokosa.